Ubao wa Vikwazo wa Mikumi

Kutoka Mpanda hadi Kilosa nilisafiri siku sita, na katika siku hizo treni ilitembea mbili tu. Zilizobaki tulikaa. Tulikaa Kaliua tukisubiri injini, tukakaa Tabora tukisubiri mabehewa ya Mwanza, tukakaa Dodoma bila kuambiwa tunasubiri nini. Watu wa behewa letu walizoeana kiasi cha kuanza kugombana kama ndugu. Mama mmoja wa Urambo alikuwa na tenga la kuku. Kabla hatujafika Gulwe alishauza wawili na kuchinja mmoja, akisema kwa mwendo ule watakaofika Dar es Salaam watakuwa wajukuu wa wale aliotoka nao.

Mbele ya Gulwe mto ulikuwa umezoa tuta la reli. Mkuu wa treni akatangaza kwamba tutashuka, tutavuka kwa miguu, na ng'ambo tutakuta treni nyingine. Ila kwanza ilitakiwa orodha ya abiria wote, asije mtu akapotelea kwenye matope.

"Nani ana hati inayosomeka?" akauliza.

Nilinyoosha mkono. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha nne, na katika cheti changu chote kitu cha kujivunia kilikuwa hati. Nikakaa juu ya sanduku la mtu nikaandika majina mpaka mkono ukafa ganzi. Mwenye sanduku, mzee mwembamba aliyevaa koti la suti na kukamata mwavuli, alisimama nyuma yangu akisoma juu ya bega langu.

"Herufi hizi umefundishwa na nani?"

"Na baba yangu. Shikamoo."

"Marahaba. Huko Dar es Salaam unakwenda kufanya nini?"

Nikamwambia nina binamu ana duka la vipuri, ameniahidi kazi. Mzee akaniuliza kama binamu ana uhakika na duka lenyewe. Nikafikiri, nikaona hapana. Basi akaniambia nibebe sanduku lake nivuke nalo, na tukifika Kilosa nishuke. Nikashuka. Mpaka leo sijui binamu alinisubiri siku ngapi.

Miaka ile ilikuwa ya soko huria. Mashamba ya mkonge yaliyoizunguka Kilosa yalikuwa yamegeuka vichaka, lakini mjini kila mtu alikuwa amefungua kitu: banda la video, saluni, meza ya mitumba. Watu waliopunguzwa kazini walikuwa wakiuza sabuni na betri kutoka nchi ambazo hawajui ziko upande gani. Kila kitu kilikuwa ruksa, na mimi kazi yangu ya kwanza ikawa kuandika visivyoruhusiwa.

Jeshi lilikuwa limechukua madaraka Burundi, na marais wa ukanda wetu wakakubaliana kuibana nchi ile kwa vikwazo mpaka wakubwa wake wakae wazungumze. Hayo tuliyasikia redioni kama watu wote. Redio haikusema jinsi neno la marais linavyoshuka mpaka likamfikie askari wa geti. Linashuka kwa waraka. Waraka unatoka wizarani, unapita mkoani, unatiwa kwenye mfuko wa barua, unapanda treni, na kwa upande wetu ulikuwa ukiishia mezani kwa yule mzee wa mwavuli. Alikuwa amepewa ofisi ya muda ya vyumba viwili karibu na stesheni, na kibali cha kuajiri karani mmoja, ndiye mimi.

Mizigo ya Burundi ilitupitia kwa njia mbili. Ya Dar es Salaam ilikuja kwa reli. Ya Iringa na Njombe ilikuja kwa lori mpaka Mikumi, ikashika barabara ya vumbi kupitia kijiji cha Ulaya, ikapakiwa treni ya Kigoma hapo Kilosa. Kwa hiyo tulikuwa na ubao mmoja nje ya ofisi na mwingine kwenye geti la Mikumi. Juu ya kila ubao palikuwa na orodha: kitu, halafu neno moja, KINARUHUSIWA au HAKIRUHUSIWI.

Mwanzoni orodha ilikuwa rahisi kuliko zote nilizowahi kuandika. Karibu kila kitu hakikuruhusiwa. Kisha wakubwa wakaanza kulegeza kidogo kidogo. Waraka ukaja: dawa za hospitali zipite. Mwingine: chakula cha watoto wachanga kipite. Mwingine ukaja kueleza mtoto mchanga ni wa umri gani.

Mkuu wangu alikuwa na utaratibu wake, na alikuwa mkali nao. Alisoma shule ya misheni huko milimani, na aliamini serikali haifuti neno, inaliwekea lingine juu. Nilikuwa naandika sharti jipya kwenye kipande cha karatasi, yeye anagonga muhuri, mimi nabandika kipande juu ya mstari wa zamani. Chini ya kila ruhusa palikuwa na katazo limelala. Waraka wenyewe haukukaa kwetu. Tulisaini nyuma yake, tukaupeleka ofisi inayofuata. Kwa hiyo katika geti la Mikumi sheria ilikuwa ile iliyobandikwa ikiwa na muhuri, basi.

Muhuri hakuuacha ofisini hata siku moja. Ulikaa ndani ya kopo la peremende, kopo ndani ya leso, leso ndani ya koti.

Jumatatu na Alhamisi nilipanda treni ya tawi, ile ya kuelekea Kidatu, nikashuka Mikumi kwenda kusahihisha ubao. Nilizipenda siku hizo kuliko Jumapili. Askari wa geti alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayejua habari za kila dereva. Wafugaji walikuwa wakipita na mifugo yao na kusimama kutazama ubao kwa mashaka, kwa kuwa walishazoea kwamba serikali ikibandika kitu, mwisho wake ni ng'ombe kuchukuliwa. Mmoja aliniuliza:

"Ng'ombe wamo?"

"Wamo, mzee. Lakini ni wale wa kwenda Burundi."

"Wa kwangu wanakwenda hapo Ruhembe."

"Basi wa kwako hawamo."

"Andika hapo kwamba wa kwangu hawamo."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alisimama nusu saa akisubiri niandike.

Gundi ya ofisi iliisha mwezi wangu wa pili kazini na hatukuletewa nyingine. Nikawa nabandika kwa uji. Uji wa muhogo usio na kitu unashika karatasi vizuri sana, na mama aliyepika karibu na geti alikuwa akinipa kikombe bure. Jumatatu moja nikafika na kipande kipya, kizuri, nimekiandika kwa wino mweusi: mbegu na mbolea, ZINARUHUSIWA. Mama akaniambia uji mweupe umeisha, umebaki wa wateja, wenye sukari na karanga. Treni ya kurudi ilikuwa inapiga honi. Nikachovya, nikapaka, nikabandika, nikakimbia.

Kila mtu aliyewahi kulala Mikumi anajua nyani wa kule. Wanatoka mbugani asubuhi kama wafanyakazi wa serikali, wanakagua majaa, wanakagua majiko, wakiona dirisha wazi wanaingia. Mimi nilikuwa nimewawekea karanga na sukari ubaoni, kwa kimo chao.

Niligundua hayo Alhamisi. Niliposhuka nilikuta lori limeegeshwa kando ya geti, limejaa magunia, na juu ya magunia amesimama mzee mfupi wa kofia ya sufi akiwa na fimbo. Nyani kama kumi walikuwa wamekaa barabarani wakimtazama, nao hawana haraka. Askari akanieleza. Lori limefika jana. Limebeba viazi mviringo vya mbegu kutoka Njombe, vya kwenda Burundi. Amesoma ubao, ubao unasema mbegu haziruhusiwi, amelizuia.

"Zinaruhusiwa," nikasema. "Nilibandika mwenyewe Jumatatu."

"Kiko wapi hicho ulichobandika?"

Nikatazama. Mstari wa mbegu ulikuwa wa zamani, mweusi, HAZIRUHUSIWI, na pembeni yake kimebaki kikona cha karatasi chenye alama za meno.

"Nyani alikuwa anabandua taratibu," askari akasema, "kama mtu anayefungua barua yake."

"Kwa hiyo unajua palikuwa na kipande!"

"Najua palikuwa na kipande. Nilikuwa sijakisoma. Ningekuwa nimekisoma ningekuwa shahidi. Sasa hivi shahidi ni nyani."

Mzee wa viazi akashuka kwenye lori. Nikamwamkia, akaitikia kwa Kiswahili cha kando ya ziwa, cha polepole. Akanifungulia gunia moja. Viazi vilikuwa vimeanza kutoa machipukizi meupe, na vilivyokuwa katikati vilikuwa na joto, unalisikia ukitia mkono, na harufu ya kwanza ya kuoza.

"Mwanangu," akasema, "sisi wa kilima chetu kule Burundi tumekosa kupanda misimu miwili. Mbegu tulizila. Watu wamechanga, wamenituma mimi kwa kuwa nina miguu mizima. Nikikaa hapa wiki, nitapeleka magunia ya maji. Na mvua ya kupandia itakuwa imekwisha."

Hakuwa anagombana. Angegombana ingekuwa nafuu kwangu. Askari alitazama chini, kisha akasema lete kipande kingine chenye muhuri, hata sasa hivi, atafungua geti kwa mikono miwili. Alikuwa sahihi. Mwezi uliotangulia dereva mmoja alikuja na kipande alichojiandikia mwenyewe, akidai matairi yameruhusiwa, na tangu hapo askari alikuwa haamini karatasi isiyogongwa.

Muhuri ulikuwa kwenye koti la mkuu wangu, na koti lilikuwa milimani. Alikuwa amekwenda kijijini kwao mpaka Jumatatu, kanisa lao lilikuwa linamngoja askofu. Treni ya tawi ilishaelekea Kidatu na haingerudi mpaka usiku, basi la Kilosa lilishaondoka. Askari akanipa baiskeli yake.

"Nayo isije ikaishia Burundi," akasema.

Sikumwambia mzee wa viazi kuhusu uji. Nilimwambia ni nyani tu. Nilipanda baiskeli na huo uongo nusu, nikaendesha mpaka Ulaya. Huko ilikuwa siku ya gulio, nikapata lori la wachuuzi wa mahindi, likanifikisha Kilosa jua likizama. Alfajiri ya Ijumaa nikaanza kupanda milima.

Nilifika saa sita mchana. Kijiji kizima kilikuwa kiwanjani mwa kanisa kikipaka chokaa mawe ya njia. Mkuu wangu alikuwa amekunja suruali, ameshika brashi, lakini koti hakulivua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni kipande cha mbegu cha Mikumi. Kimeliwa."

"Na nini?"

"Nyani."

"Nyani hali karatasi."

Akachovya brashi kwenye chokaa, akingoja.

"Kilikuwa na uji," nikasema.

"Siku zote kina uji."

"Wa sukari. Na karanga."

Akina mama waliokuwa wakichanganya chokaa wakaachia kicheko, mmoja akakaa chini kabisa. Mkuu wangu hakucheka. Aliweka brashi juu ya jiwe.

"Mtu unatumwa kubandika serikali," akasema, "unabandika kifungua kinywa."

Nikamweleza yote: lori, joto ndani ya magunia, kilima kilichokula mbegu zake. Alisikiliza kichwa kikiwa upande. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kipande uliandika nini? Maneno yote."

"Mbegu na mbolea, zinaruhusiwa."

"Basi?"

"Basi."

"Waraka ulisema zinaruhusiwa zikisindikizwa na mtumishi mpaka bandarini, atie saini kwamba mbegu ni mbegu na zimepanda meli. Umeukata nusu."

Nilikumbuka palepale. Sentensi ilikuwa ndefu, karatasi fupi, nami nilipenda herufi zangu ziwe kubwa. Kwa hiyo hata kama nyani angekuwa ameshiba siku ile, magunia yangefika Kigoma yakazuiwa huko, na huko hakuna mtu anayenijua.

Akanikalisha kwenye benchi la mwisho ndani ya kanisa, akanipa karatasi ndefu ya daftari la kwaya, nikaandika upya, yeye akisoma kila neno linapotoka. Akafungua leso, akafungua kopo. Wino ulikuwa umekauka. Akaupulizia muhuri pumzi ya moto mara tatu, akagonga kwa uzito wake wote. Ukatoka hafifu lakini ukasomeka. Akaandika na barua ya pili, ya msindikizaji, akaacha nafasi ya jina. Alipomaliza akalijaza jina langu.

"Mimi?"

"Kuna karani mwingine?"

Akanitoa mpaka mwanzo wa mteremko. Mke wake akanifungia viazi vitamu vya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Mkuu wangu akanipa misumari minne kutoka kwenye mfuko wa suruali, ile ya kupigilia mapambo ya askofu.

"Uji uache kwa wenye njaa," akasema. Hapo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kicheko kidogo cha puani. Nikashika njia. Laiti ningejua ningemuaga vizuri zaidi, lakini nilidhani tutaonana wiki ijayo, naye alisharudi kwenye mawe yake.

Jumamosi basi lilinifikisha Mikumi alasiri, baiskeli juu ya paa. Nikapigilia kipande kwa misumari. Askari akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata, dereva na mama wa uji na mzee wa kofia wakiwa nyuma yake. Alipofika kwenye "zinaruhusiwa" mzee alifumba macho. Alipofika kwenye "zikisindikizwa" akayafumbua.

"Na nani?"

"Na mimi, mzee. Na kuna jambo sikukwambia." Nikamwambia habari ya karanga.

"Siku tatu nimepigana na nyani," akasema, "kumbe wewe ndiye uliyewaalika."

"Ndiyo, mzee."

"Basi panda juu. Zamu yako ya fimbo."

Viazi vilifika Burundi, nasema hili mapema ili msomaji asihangaike. Nilitia saini bandarini nikaiona meli inaondoka, halafu badala ya kurudi mashariki nikakubali kazi ya wiki mbili kwa mtu wa maboti, na tangu hapo nimeishi miji mingi kuliko vidole vyangu. Hayo ni ya Kigoma. Ya Kilosa yaliishia Jumapili ile.

Tulishusha magunia pembeni ya reli hapo Kilosa asubuhi, baada ya kengele za kanisa. Mkuu wa stesheni alisema treni ya mizigo inapita saa nane, behewa analo moja, na mzigo unaotoa maji hautapanda, utaharibu sakafu. Kwa hiyo ilibidi kuchambua kila kiazi kabla ya saa nane. Tulikuwa watatu: mzee, dereva na mimi. Kisha akaja mama ntilie wa stesheni, akaulizia vilivyooza nusu. Mzee akamwambia achukue. Akaita shoga zake wanne, wakaja na ndoo na visu, wakakaa kwenye kivuli cha behewa, na mazungumzo yao ya kanisani yakaendelea palepale.

"Huyu vipi, baba?" mmoja akauliza, akionyesha kiazi chenye chipukizi refu lililovunjika.

"Huyo mzima, mama. Ana macho mengine. Muweke kwa wazima."

"Kumbe anatuona!"

Mzee alitufundisha kushika kwa kiganja, si kwa vidole, ili machipukizi yasikatike. Mimi niliyavunja mengi, naye kila nilipovunja alitoa sauti ndogo ya ulimi, wala hakusema neno. Gunia moja katika kila manne lilikwenda kwenye ndoo za akina mama. Yaliyobaki tuliyatandaza yapate hewa, tukayafunga upya, makavu. Saa saba na nusu mkuu wa stesheni akaja, akatia mkono ndani ya gunia moja, la pili, la tatu. Akanusa kiganja. Akaomba barua ya msindikizaji, akaisoma pande zote mbili ingawa nyuma hapakuwa na kitu.

"Wewe ndiye?"

"Ndimi."

"Unarudi lini?"

"Jumamosi," nikasema, na niliamini. Nilikuwa nimeacha shati na suruali kwenye kamba uani, na nusu mkate mezani.

Wakafunga behewa mkiani. Mama ntilie akanirushia viazi vya kukaanga ndani ya karatasi, vya moto bado, akasema nile mimi kwa kuwa mzee hawezi kula watoto wake. Treni ikavuta, ikagonga, ikavuta tena. Nilikaa mlangoni, miguu ikining'inia. Stesheni ikapita, ofisi yetu ikapita na ubao wake, kisha minazi michache, kisha mashamba ya mahindi na watoto wanaopunga. Nikageuka kumwambia mzee kitu, sikumbuki nini. Alikuwa amelala juu ya magunia, kofia imemshuka usoni, mkono mmoja umetumbukia ndani ya gunia lililofungwa nusu. Sikumwamsha. Nikaichukua fimbo yake nikaiweka kwenye mapaja yangu.